Kigandishi si Dawa: Lugha na Usalama katika Usafishaji wa Majitaka

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayekutana na neno shabu kwa mara ya kwanza huenda akadhani kwamba mpiga chapa amekosea na kwamba lililokusudiwa ni shaba. Maneno haya mawili yanatofautiana kwa irabu moja tu, ilhali vitu vyenyewe ni mbali kama mbingu na ardhi. Shaba ni metali. Shabu ni ile chumvi nyeupe yenye ukakasi ambayo vinyozi hupaka penye mikato ya wembe, na ambayo tangu jadi imetumiwa kutengenezea ngozi, kushikiza rangi katika nguo na kutuliza maji yaliyovurugika. Neno lenyewe lilitujia kutoka Kiarabu pamoja na bidhaa yake.

Jamaa wa karibu wa shabu hiyo, yaani salfeti ya alumini, ndiye anayetumiwa leo kwa matani katika mitambo ya maji. Mwenzake, ambaye hupendelewa zaidi katika usafishaji wa majitaka, ni kloridi ya feri. Makala haya yanadhamiria kueleza kazi ya kemikali hizi, madhara yake kwa anayezishika, na namna ya kuzishughulikia kwa usalama. Aidha, yanakusudia kuonyesha mahali ambapo usalama huo unategemea uteuzi wa maneno, jambo ambalo wanakemia hawawezi kulitatua peke yao.

Kazi ya kigandishi

Majitaka hubeba chembe ndogo mno ambazo hazizami hata yakiachwa yatulie kwa siku kadhaa. Sababu ni kwamba nyingi za chembe hizo zina chaji hasi, na chaji za aina moja hufukuzana. Kigandishi kinapotiwa, ioni za alumini au za feri, ambazo zina chaji chanya, huvunja uhasama huo. Wakati huohuo ioni hizo huungana na maji na kufanya mabonge mepesi mfano wa pamba iliyolowa. Mabonge hayo huzizoa chembe, huongezeka uzito, na hatimaye huzama na kuwa mashapo.

Kitenzi gandisha kinahitaji tahadhari kidogo hapa. Maji yakiganda huwa barafu, na msikilizaji asiyeelezwa anaweza kudhani kwamba majitaka yenyewe yanagandishwa. Mfano ulio karibu zaidi ni wa maziwa: yanapoganda, yaliyo mazito hushikamana na kujitenga na maji yake. Maadamu mfano huo unafahamika katika takriban kila boma nchini, istilahi kigandishi inafaa bila ya kutafuta nyingine.

Kemikali hizi pia hunasa fosfeti, ambayo ni mbolea ya mimea ya majini. Majitaka yenye fosfeti nyingi yanapoingia ziwani hulisha mwani na magugu. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, ambao wameliona gugumaji likifunga bandari na kuzuia mitumbwi, hawahitaji kuelezwa zaidi. Ni kweli kwamba si kila mtambo hutumia vigandishi. Ule wa Ruai unaopokea majitaka ya Nairobi ulijengwa kwa mfumo wa mabwawa, ambamo jua, muda na bakteria ndivyo vinavyofanya kazi. Vigandishi hukutwa zaidi katika viwanda vya ngozi, vya nguo na vya rangi, na katika mitambo ya kusafishia maji ya kunywa.

Ukali wa kemikali hizi

Kloridi ya feri huuzwa mara nyingi ikiwa kimiminika cha rangi ya hudhurungi iliyokolea, chenye nguvu ya asilimia 40 hivi. Ni tindikali kali. Hula chuma, hula alumini, hula shaba. Mafundi wa elektroniki huitumia makusudi kula shaba katika vibao vya saketi. Hata chuma cha pua hakiiwezi. Ndiposa huhifadhiwa katika matangi ya plastiki au ya fibaglasi, au ya chuma yaliyotandikwa mpira kwa ndani. Inapokutana na metali huweza kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikipata cheche.

Ikirukia jicho, inaweza kulipofusha. Ikiingia ngozini, huwasha na kuchoma. Ikimezwa, huunguza koo na tumbo. Ikimwagika sakafuni, huteleza na kuacha madoa kama ya kutu yasiyotoka. Uzito wake nao ni mtego: mtungi wa lita 20 uliojaa una takriban kilo 28, wala si 20 kama ule wa maji, na mchukuzi asiyejua hilo huweza kuuachia ukiwa hewani. Salfeti ya alumini ni pole kidogo ikilinganishwa na hiyo, lakini vumbi lake huwasha macho na koo, na likishalowa huwa nalo ni tindikali.

Tatizo la neno dawa

Katika Kiswahili cha kila siku, kitu chochote kinachotiwa katika kingine ili kukirekebisha huitwa dawa. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya panya na dawa ya mbu. Kwa mantiki hiyohiyo, kigandishi huitwa dawa ya maji. Upana huu wa maana ni utajiri wa lugha, wala hakuna anayepaswa kuuonea haya. Katika mtambo, hata hivyo, huzaa hatari za aina mbili.

Kwanza, dawa humkumbusha msikilizaji uponyaji. Anayeambiwa kwamba pipa lina dawa ya kusafisha maji hana sababu ya kuliogopa.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, mtambo mmoja huweza kuwa na dawa mbili zisizopaswa kukutana abadani. Kando ya kigandishi mara nyingi kuna hipokloriti ya sodiamu, kemikali ileile iliyomo katika jiki ya kufulia nguo, inayotumiwa kuua vijidudu. Kigandishi ni tindikali. Hipokloriti ikichanganywa na tindikali hutoa gesi ya klorini. Hii ndiyo gesi iliyotumiwa kama silaha karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji, mnamo Aprili 1915. Ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hutambaa chini na kujaa mashimoni na katika vyumba vya chini. Msimamizi anayesema "ongeza dawa kwenye tangi" katika mtambo wa namna hiyo ametoa amri yenye maana mbili, na mojawapo inaua.

Hatari hii si ya kubuni. Mnamo tarehe 21 Oktoba 2016, katika kiwanda kimoja mjini Atchison, jimbo la Kansas nchini Marekani, asidi ya salfa iliyoletwa kwa lori ilipakuliwa kimakosa katika tangi la hipokloriti. Wingu la klorini lilitanda mjini, na watu zaidi ya 140 wakatafuta matibabu. Midomo ya mabomba ya kupakulia ilikuwa karibukaribu na ilifanana. Kemikali hiyo haikuwa kigandishi, lakini kloridi ya feri ingefanya vivyo hivyo.

Kisa cha Camelford

Kisa kinachohusu shabu yenyewe kilitokea Uingereza tarehe 6 Julai 1988, katika mtambo wa maji ya kunywa wa Lowermoor karibu na mji wa Camelford, Cornwall. Dereva wa zamu ya muda alifika na tani 20 za salfeti ya alumini iliyoyeyushwa. Hapakuwa na mfanyakazi wa kumpokea. Alikuwa na ufunguo na maelekezo mafupi ya mdomo, na shehena yote akaimimina katika tangi lisilolo. Hilo lilikuwa tangi la maji yaliyokwisha kusafishwa, tayari kwenda majumbani.

Maji yaliyowafikia watu wapatao 20,000 yalikuwa na tindikali kiasi cha kuyeyusha shaba na risasi za mabomba. Watu walipatwa na vidonda vya mdomo, kuhara na vipele. Wengine nywele zao ziligeuka rangi ya kijani. Mabomba yalipokombwa, maji hayo yaliua maelfu ya samaki mitoni. Mamlaka iliyohusika ilikaa zaidi ya wiki mbili kabla ya kuwaeleza wananchi chanzo. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mnamo 2013, robo karne baadaye.

Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba dereva huyo alizungumza lugha moja na waliomtuma, tena lugha yake ya mama. Iwapo maelekezo finyu yalimpoteza mtu wa aina hiyo, hali ya kibarua anayekabidhiwa pipa lenye maandishi ya Kiingereza asichokisoma inaweza kukadiriwa.

Maagizo na lugha yake

Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, hutumia michoro ndani ya msambamba wenye mpaka mwekundu. Ule wa kloridi ya feri huonyesha kimiminika kikidondokea mkono na kipande cha metali, vyote vikiliwa. Mchoro husaidia, lakini hauwezi kueleza la kufanya. Mfumo huo pia una maneno mawili ya kutahadharisha, yenye daraja tofauti za ukali. Katika Kiswahili, Hatari linafaa daraja la juu na Onyo daraja la chini. Mfasiri anayeyabadilishana kwa kukwepa kurudia neno, kama alivyofunzwa katika insha, hutenda kosa kubwa: hapa urudiaji ni fadhila.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inadai lebo na karatasi za maelezo ya kemikali, na kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Msamiati nao upo; kwa mfano, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na TUKI tangu 1990. Kilichopungua ni sentensi zilizo tayari kubandikwa ukutani.

Sentensi hizo zapaswa kuwa fupi, kila moja na kitenzi kimoja cha amri, na kila kemikali itajwe kwa jina lake. "Tia kloridi ya feri katika maji. Usitie maji katika kloridi ya feri." Wanaofundisha mtindo wataona mrudio unachosha, mfanyakazi ataona kwamba mpangilio wa vitu viwili ndio agizo lenyewe, kwani maji machache yakimiminwa juu ya kemikali kali huchemka na kuruka usoni. "Vaa miwani ya kuziba macho, glavu za mpira, aproni na buti kabla ya kufungua." Neno kabla lisiachwe. "Ikiingia jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kope zikiwa wazi, kisha nenda hospitali." "Aliyemeza usimtapishe." Kitenzi hiki kimoja chenye mnyambuliko wa kutendesha kinabeba amri, mkatazo, mtendwa na tendo, na hakuna haja ya kukirefusha kuwa usimsababishe kutapika.

Kuhusu umwagikaji, Kiswahili kina bahati ya pekee. Kemikali inayofaa kupunguza ukali wa kigandishi ni kabonati ya sodiamu, yaani magadi, ambayo huchimbwa katika ziwa lenye jina hilohilo Kusini mwa Bonde la Ufa. Umwagikaji huzungushiwa mchanga usitiririke mtaroni, kisha magadi hunyunyizwa kidogokidogo kuanzia pembeni. Mchanganyiko hutoka povu na kuvuma, kwa sababu gesi ya kabonidioksidi inatoka; povu likikoma, mabaki huzolewa kwa koleo la plastiki na kutiwa katika pipa la plastiki ambalo halifungwi kwa kukaza siku hiyo. Na juu ya pipa hilo huandikwa kilichomo, tarehe, na jina la kemikali kwa ukamilifu wake.