Msifute kipindi cha michezo kwa ajili ya mitihani

Mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, kipindi cha kwanza kufutwa kwenye ratiba ni cha michezo. Nafasi yake huchukuliwa na masomo ya ziada, na wazazi hushukuru. Kwa ubongo wa kijana, hiyo ni hasara.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakiongozwa na Charles Hillman, waliwapima watoto 20 wa umri wa miaka tisa hivi. Siku moja watoto walipumzika kabla ya kupimwa. Siku nyingine walitembea kwa dakika 20 kwenye mashine ya mazoezi. Walipopimwa baada ya kutembea, majibu yao ya maswali ya umakini yalikuwa sahihi zaidi, na walielewa vizuri zaidi walichokisoma. Kundi hilo lilikuwa dogo, lakini majaribio makubwa yaliyofuata yameelekea upande huohuo.

Mwili ukifanya kazi, damu nyingi zaidi hufika kwenye ubongo, nao ubongo huongeza protini inayozirutubisha seli za neva na kuzisaidia kuungana. Protini hiyo ina kazi kubwa katika hipokampasi, sehemu inayotuwezesha kukumbuka mambo mapya. Mazoezi huisaidia pia sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga, kujizuia na kutulia kwenye jambo moja. Hiyo huendelea kukomaa hadi tunapokaribia au kupita miaka 25, kwa hiyo mtahiniwa wa miaka 17 bado anaijenga.

Faida haiishii darasani. Huko Bristol, Uingereza, vijana zaidi ya 4,000 walivalishwa vipimo vya mwendo wakiwa na miaka 12, 14 na 16, kisha wakaulizwa kuhusu dalili za sonona walipofika miaka 18. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: kila saa moja ya ziada kwa siku ya shughuli nyepesi katika umri wa miaka 12 iliendana na alama za sonona zilizopungua kwa asilimia 10. Tunazungumzia shughuli nyepesi hasa, kama kutembea au kufanya kazi za nyumbani. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi peke yake kwamba jambo moja limesababisha jingine. Hata hivyo, tunajua mazoezi huboresha usingizi na hushusha wasiwasi, na kijana asiyelala vizuri hana kinga kubwa dhidi ya huzuni.

Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani hadi makali kwa wenye miaka 5 hadi 17. Duniani kote, vijana wanne kati ya watano wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho, na wasichana wako nyuma ya wavulana. Kwetu msichana huteka maji na kufagia, na mwendo huo una faida yake, lakini uwanja wa rede au netiboli humpa pia marafiki, kicheko na mapumziko ya akili. Aachiwe muda wa kucheza kama kaka yake.

Lipo jambo jingine linaloniuma. Shule zetu nyingi zimeyageuza mazoezi kuwa adhabu: aliyechelewa anaruka kichura, mpiga kelele anazungushwa uwanja. Mwanafunzi anayefundishwa hivyo kwa miaka kadhaa ataona kukimbia ni fedheha, na akimaliza shule hatagusa raba tena. Mchakamchaka wa asubuhi ulio na nyimbo unajenga. Kuruka kichura kwa machozi kunabomoa.

Mazoezi hayachukui nafasi ya matibabu. Kijana aliyejitenga kwa wiki kadhaa, asiyelala au anayezungumzia kufa anahitaji kupelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili mara moja.

Walimu wakuu, rudisheni kipindi cha michezo kwa madarasa ya mtihani, na mkiweke kabla ya somo gumu. Wazazi, msiwalaumu kwa kufanya hivyo.