Ampilifaya ya Kikundi: Kitufe cha Sauti Kisitusumbue

Ndugu wanakikundi, vijana wengi wanajua kuunda ampilifaya ndogo ya betri ya volti 12, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini katika ziara zetu tumekuta shida moja: kitufe cha sauti. Ukikigusa kidogo tu, spika inapiga kelele na walio mbele wanaziba masikio. Ukikirudisha, wazee walio nyuma hawasikii kitu. Tulikuta kikundi kimoja kimesoma hesabu za mwaka namna hiyo. Nusu ya watu hawakusikia, wakaondoka wakinung'unika kwamba pesa zimeliwa. Kumbe hesabu zilikuwa sawa!

Hebu tueleze. Kifaa kilicho chini ya kitufe huitwa potenshiometa. Kina miguu mitatu. Sauti inaingia kwa mguu mmoja wa pembeni, na ule mwingine wa pembeni unafungwa kwenye hasi. Mguu wa katikati ndio unaopeleka sauti kwenye ampilifaya.

1. Kifungwe kabla ya ampilifaya, sio kati yake na spika. Huko umeme ni mwingi na kitaungua.

2. Chagueni aina inayofaa. Sikio halipimi kama mizani ya sukari. Ukipunguza volti kwa nusu, sikio huona sauti imepungua kidogo tu. Kwa hiyo ile inayopanda sawasawa huleta karibu sauti yote mwanzoni. Nyingi za siku hizi huwa na alama B. Ulizeni yenye alama A, ya kilo-omu 10. Hiyo huanza polepole.

3. Mkitumia ya redio kuukuu, msiamini herufi. Zungusheni hadi katikati, mpime kwa mita kutoka mguu wa kati hadi kila mguu wa pembeni. Vipimo vikilingana, ni ile inayopanda sawasawa.

4. Mkikosa A, chukueni B ya kilo-omu 50. Lehemuni rizista ya kilo-omu 10 kati ya mguu wa kati na ule wa hasi. Kitufe kikiwa katikati kitatoa kama sehemu moja ya tano badala ya nusu.

Kabla ya mkutano, mtu mmoja asimame nyuma kabisa, mwingine aongee. Kila mwanachama ana haki ya kusikia pesa zake zilivyotumika.