Mtiki Unaokua Haraka: Je, Ubao Wake ni Dhaifu?

Sogeeni, wanangu, mkae vizuri. Hadithi ya leo inaanzia baharini, inapita msituni, kisha inaingia karakana ya fundi seremala.

Zamani, kabla chuma hakijatawala bahari, manowari za Uingereza ziliundwa kwa mbao za mwaloni. Mialoni ilipoanza kuadimika, Waingereza wakageukia India, kwenye mtiki, mti ambao watu wa pwani huuita pia msaji. Mwaka 1817, huko Bombay, wakashusha majini manowari ya mtiki iitwayo Trincomalee. Umri wake umepita miaka 200 na ingali ikielea, katika mji wa Hartlepool, Uingereza. Ila wenyeji wa Bahari ya Hindi walikuwa wameujua mti huu siku nyingi: mafundi wa Sur, kule Oman, waliunda majahazi yao kwa misaji iliyovushwa kutoka pwani ya Malabar, India, na baadhi ya milango ya nakshi ya Unguja imechongwa kwa mti huohuo.

Sifa hizo zikaugeukia msitu wenyewe. Shoka halikupumzika, na kufikia miaka ya 1840 misitu ya Malabar ilikuwa imepungua vibaya. Hapo Henry Conolly, mtawala wa Kiingereza wa eneo hilo, akaamua kwamba mitiki ipandwe Nilambur. Mbegu zikagoma kuota. Tunda la mtiki lina ganda gumu kama kokwa, na mbegu zimejificha katika vyumba vidogo ndani yake. Aliyeushinda ukaidi huo ni Mhindi aliyeitwa Chathu Menon. Yeye ndiye aliyeotesha miche, akasimamia upandaji wake kwa miaka mingi, na Nilambur ikawa shamba la mitiki ambalo mara nyingi hutajwa kuwa la kwanza duniani. Inasikitisha kwamba kipande cha mwanzo kilichohifadhiwa kinaitwa kwa jina la Conolly, ilhali mikono iliyokijaza miti ilikuwa ya Menon. Hata leo watunza vitalu huloweka matunda ya mtiki na kuyaanika juani, wakirudia mara kadhaa, ili ganda lilegee.

Kutoka Asia mtiki ukasambaa. Wajerumani waliuleta Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19, na leo mashamba yake yapo Longuza, wilayani Muheza, yapo Mtibwa, na yapo bonde la Kilombero. Na kila ulikopandwa, swali moja liliufuata. Mti wa msituni hunyang'anyana mwanga na jirani zake, hunenepa polepole, na huweza kungoja miaka 80 au zaidi kabla ya kukatwa. Mti wa shambani hupaliliwa, wenzake hupunguzwa ili upate nafasi, na mara nyingi huvunwa ukiwa na miaka 20 hadi 30. Fundi akipewa ubao wake huugeuza, huupima uzito mkononi, kisha husema, "Hii mbao changa." Je, ana haki?

Watafiti wameshughulika sana na swali hili, hasa katika taasisi ya misitu ya Kerala, jimbo lenye Nilambur yenyewe. Kazi yao ningependa muione kwa macho. Hukata vijiti vilivyonyooka, visivyo na kifundo hata kimoja, vyenye upana wa sentimita 2 kila upande na urefu wa sentimita 30. Kijiti hulazwa juu ya vyuma viwili, mashine ikakikandamiza katikati mpaka kivunjike, na nguvu iliyotumika ikaandikwa. Vipande vingine hukaushwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 103 na kupimwa tena na tena, mpaka uzito ukome kushuka. Hapo hujulikana ni kiasi gani cha ubao ni mti, na kiasi gani kilikuwa maji.

Majibu yao yananifurahisha kila nikiyafikiria. Mtiki hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mvua zikirudi, kwanza hutengeneza mirija mipana ya kupandishia maji, kisha hujaza nyuzi nene zinazoupa ubao nguvu. Ndiyo maana ukitazama kisiki chake unaona pete, moja kwa kila msimu. Sasa sikieni: mti ukikua haraka, pete hupanuka, lakini eneo la mirija halipanuki sana. Kinachoongezeka zaidi ni nyuzi. Kwa hiyo pete pana peke yake haiufanyi mtiki kuwa dhaifu. Kwa misindano, kama ile ya Sao Hill kule Mufindi, mambo ni kinyume: mara nyingi ikikua mbio mno, ubao huwa mwepesi zaidi.

Basi fundi alikosea? Hapana, ana haki kwa sababu nyingine, nayo ni umri. Miaka ya mwanzo, takriban 20 kutegemea mahali, mtiki hutengeneza ubao wa utotoni, ule ulio karibu na katikati ya gogo. Nyuzi zake ni fupi, na ubao wake ukikauka huelekea kupinda zaidi. Baada ya hapo mti hukomaa, na kila pete mpya ya nje huwa imara. Ukiukata mti ukiwa na miaka 20, umeondoka na sehemu ya utotoni karibu yote, hata gogo liwe nene namna gani.

Kuna pia suala la mchwa. Kinachouokoa mtiki ni kemikali ambazo mti huziweka katika kiini chake cha rangi ya dhahabu iliyoiva. Ule ubao mweupe wa nje hauna kinga hiyo. Mti unaonenepa haraka hupata kiini kikubwa mapema kuliko mwenzake wa umri uleule aliyedumaa, na hilo ni jema. Lakini watafiti wa Kerala walipochunguza mitiki ya mashamba ya nyumbani, iliyoota penye unyevu mwingi, walikuta kiini chake kina kemikali chache na kuvu hukishambulia kwa urahisi zaidi. Udongo na mvua navyo vina neno lao.

Mimi naona mwenye shamba akiweza kusubiri, asubiri. Apunguze miti kwa wakati, apogoe matawi yangali membamba ili vifundo visiingie ndani, kisha aiache miti michache iliyonyooka ifike miaka 40 au 50. Najua ada ya shule haisubiri miaka 50. Ndiyo maana kuuza ile iliyopunguzwa kuna maana: inakuwa nguzo na fito, na pesa inaingia huku mikubwa ikiendelea kukomaa.

Mkipita kwa fundi, mwombeni awaonyeshe kichwa cha ubao wa mtiki. Vipinde vidogo vinavyojikunja sana vinawaambia umetoka katikati ya gogo, na mistari iliyokaribia kunyooka inawaambia umetoka nje zaidi. Ukingoni mkiona utepe mweupe, mwulizeni ataugeuzia upande gani.