Kabla ya Kununua Mashine Mpya

Programu kubwa ya hisabu ikikawia kujibu, karani hulaumiwa, kisha hutakwa fedha za mashine mpya. Sisi twasema, pimeni kwanza. Programu ya SAP, kampuni ya Ujerumani iliyoundwa mwaka 1972, ina vipimo vyake ndani. (Majina yake, kweli, ni kama alama za magunia.) ST03N huugawa muda wa jibu: kungoja zamu, kazi ya prosesa, kusoma hifadhidata. Muda ukiliwa na zamu, SM50 huwaonyesheni nani ameshika kazi ndefu. Ukiliwa na hifadhidata, prosesa kali haitafaa kitu. ST05 hufichua ombi linalopekua daftari zima kumtafuta mtu mmoja, na mara nyingi dawa yake ni faharasa tu.