Dhahabu Inachomwa Wapi?

Machimboni Geita na Shinyanga kuna mwiko wa siku nyingi: mwanamke haingii duarani, yaani shimo la kuchimbia, na akiwa katika siku zake asisogelee hata mdomo wa shimo, maana dhahabu itakimbia. Mwiko umelegea kidogo, na leo wapo wanawake wanaomiliki maduara yao, lakini bado ndio unaopanga nani afanye kazi gani. Wanaume wanashuka. Wanawake wanabaki juu, wakiponda mawe, wakichekecha, wakiosha mchanga mialoni, wakipika na kuuza chakula kando ya makarasha, mashine za kusagia mawe. Utaambiwa wamepewa kazi nyepesi. Kwa habari ya kufukiwa na kifusi, ni kweli. Kwa habari ya sumu mambo yamegeuka, kwa sababu zebaki haitumiki shimoni. Inatumika juu, walipo wao.

Mchenjuaji huchanganya zebaki na mchanga uliokwisha kuoshwa, ikanasa chembe za dhahabu na kufanya donge la rangi ya fedha. Donge huwekwa motoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, wakati dhahabu hata kuyeyuka tu huhitaji zaidi ya 1,000, kwa hiyo zebaki hupaa na dhahabu ikabaki. Wengi huogopa kuishika mkononi, na wana haki ya kuogopa, lakini mlango wake mkubwa si ngozi wala tumbo. Zebaki ya majimaji ikimezwa, karibu yote hutoka na choo. Mvuke wake ukivutwa, karibu asilimia 80 huingia kwenye damu, na mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mama anayekaanga chapati hatua chache kutoka kwenye jiko la kuchomea hajawahi kugusa zebaki maishani mwake, na bado anayo mwilini.

Tangu hapo, umri wa mwanamke ndio unaoamua madhara yatakuwa yapi.

Binti ambaye hajabeba mimba ana nafasi nzuri kuliko wote. Mwili hupunguza nusu ya zebaki ya mvuke kwa takriban miezi miwili, ingawa ubongo huishikilia kwa muda mrefu zaidi. Akikaa mbali na uchomaji kwa miezi sita kabla ya kushika mimba, atakuwa amebakiwa na sehemu ndogo tu ya alichokuwa nacho. Bahati mbaya ushauri huu humfikia akiwa tayari yuko kliniki na tumbo la miezi mitano.

Ujauzito ndio wakati wa kutazamwa kwa makini kuliko wote. Mvuke wa zebaki hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu Minamata, Japani, ugonjwa ulipotambuliwa mwaka 1956: mama waliokuwa na dalili chache, au wasio nazo kabisa, walizaa watoto walioathirika vibaya. Ile ilikuwa zebaki ya aina nyingine, iliyopitia kwa samaki, kwa hiyo machimbo ya Nyarugusu, Geita, si Minamata. Samaki wengi wa Ziwa Victoria waliopimwa wameonekana kuwa na kiasi kidogo, na sioni sababu ya kumnyima mjamzito sato wake. Lakini Minamata ilituonyesha kuwa uzima wa mama hauthibitishi usalama wa mtoto tumboni. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulipewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Kuna mtego mmoja wa kitabibu. Zebaki huumiza figo, na figo iliyoumia huvujisha protini kwenye mkojo. Protini hiyohiyo ni dalili inayotafutwa kwa kila mjamzito kwa hofu ya kifafa cha mimba. Nesi anapoiona, kwanza ashughulikie kifafa cha mimba, maana hicho huua kwa saa chache. Akishamaliza, ndipo aulize juu ya zebaki.

Halafu kuna pemba, vile vijiti vya udongo vinavyouzwa sokoni na kutafunwa na wajawazito. Watafiti waliowahoji wajawazito wa machimbo ya Geita walikuta karibu nusu wanakula udongo, na vijiti walivyovipima vilikuwa na aseniki. Aseniki huandamana na dhahabu ndani ya miamba, na kuuoka udongo hakuiondoi. Isitoshe, udongo hushika madini chuma tumboni yasisharabiwe, na upungufu wa madini hayo ndio mara nyingi unaoambatana na hamu ya udongo. Anakula kwa sababu damu imepungua, na damu inazidi kupungua kwa sababu anakula. Kumgombeza hakusaidii. Apimwe damu na ameze vidonge vya kuongeza damu. Kwa wengi hamu hiyo hupungua yenyewe.

Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Ni kweli zebaki hupita kwenye maziwa, na imewahi kupimwa katika maziwa ya akina mama wa machimbo ya Tanzania, lakini maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kambini yana hatari iliyo karibu zaidi. Cha kuondoa ni mvuke, si titi.

Kwa bibi, sumu hii hujificha nyuma ya uzee. Mikono inatetemeka, usingizi unakimbia, anasahau, hasira ziko karibu. Nani atashangaa kuyaona hayo kwa mtu wa miaka 65? Usukumani, hata hivyo, bibi aliyebadilika tabia ana hatari nyingine: Shinyanga na Geita ni miongoni mwa mikoa ambako vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, mara nyingi kwa ushahidi wa macho mekundu ambayo wamepewa na moshi wa kuni na samadi jikoni. Mtetemo usiopata jina la kitabibu huku unaweza kupewa jina lingine.

Ndiyo maana swali la kliniki, kwa binti, kwa mjamzito na kwa bibi, lisiwe "unachimba?" Wengi watajibu hapana, na watakuwa wamesema kweli. Aulizwe dhahabu inachomwa wapi. Jibu likiwa "nyuma ya nyumba" au "jikoni, baba anachoma usiku", nesi ameshapata alichotafuta bila maabara. Uchomaji utoke nyumbani, usitumie sufuria ya chakula, nguo za kazi zisilale chumba kimoja na mtoto. Maji ya mvua yasikingwe kwenye bati lililo juu ya mvuke, kwani zebaki hupoa na kutua hapo.

Lwamgasa na Katente, mkoani Geita, kuna vituo vya STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, vinavyofundisha kuchenjua bila zebaki, kwa sayanaidi na kaboni. Sayanaidi nayo ni sumu na mtambo wake unataka mtaji, kwa hiyo mwenye gramu mbili ataendelea kuchoma. Huyo anahitaji ritoti, chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke urudi kuwa zebaki. Wachomaji huilalamikia kuwa inachelewesha, na kwamba mwenye mali haioni dhahabu yake ikiwa ndani, akashuku anaibiwa. Lalamiko la pili ndilo zito, na si la kiafya. Mwenye mali na asimame pale kifuniko kinapofungwa, asimame tena kinapofunguliwa. Kifaa chenyewe kinaweza kuungwa kwa viungio vya kawaida vya mabomba ya chuma, kazi ambayo fundi wa mji wa Katoro, Geita, anaiweza.