Nyuzi Zilizolala Guniani ni Fedha Yetu



Mwezi wa pili mwaka 2020 kamati ya akina mama ya tawi letu, katika mashamba ya chai upande wa Fort Portal, Uganda, ilinunua nyuzi za kufumia sweta za shule. Fedha zilikuwa za wanachama. Kila mmoja alitoa mchango wake kidogo kidogo siku ya mshahara, na mhazini akaliandika jina lake daftarini. Mpango ulikuwa mwema. Huku kwetu asubuhi ni baridi, mtoto anatoka nyumbani ukungu haujaondoka, na shule inadai sweta ya rangi yake. Tulisema, badala ya kununua dukani tufume wenyewe, tuuziane kwa bei nafuu, na kitakachozidi kirudi kwa kamati.

Mwezi wa tatu shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Madarasa ya mitihani yaliitwa mapema, lakini shule hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka Januari 2022. Ni karibu miaka miwili. Watoto walikua, wengine hawakurudi tena darasani, na shule moja iliyokuwa ikivaa buluu ikabadili rangi. Nyuzi zetu zikabaki magunia matatu katika ofisi ya tawi. Ndipo maneno yakaanza kwamba mhazini amekula fedha. Hakula. Fedha zilikuwa guniani, ila hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusimama mkutanini na kusema ni kiasi gani. Kosa hilo lilikuwa letu sisi viongozi.

Tunaeleza jinsi tulivyoyamaliza magunia yale kwa kuwa tunajua wengi wenu mnayo ya kwenu: bonge nusu chini ya kitanda, mkono wa sweta ulioanzwa ukaachwa, na sweta kuukuu za mitumba ambazo mnasema mtazifumua siku moja.

KWANZA KUPIMA

Tulimwaga kila kitu juu ya turubai, juani, mbele ya wanachama waliotaka kuja. Mizani ya kupimia majani ya chai haifai kwa kazi hii, kwa kuwa haioni gramu (na tabia zake nyingine mnazijua). Tuliazima mizani ya muuza sukari. Jumla ilikuwa kilo 27 na nusu: buluu kilo 9, damu ya mzee kilo 7, kijani kilo 6, na mchanganyiko wa rangi mbalimbali kilo 5 na nusu. Tuliandika hesabu hiyo karatasini, tukaibandika mlangoni. Siku ile maneno kuhusu mhazini yalipungua kuliko yalivyopungua kwa hotuba zetu zote.

Uzito ndio unaokuambia utafuma nini. Kwa uzi wa unene wa kawaida, sweta ya mtoto wa miaka sita au saba hula gramu 250 hivi. Ya mtu mzima huanzia 450, na mwenye kifua kipana hupita 600. Kofia ni gramu 60 hadi 80, na soksi za mtoto mchanga ni gramu 25 tu. Kumbukeni pia kwamba kufuma kwa sindano ya kulabu hula uzi mwingi kuliko sindano mbili, mara nyingi karibu theluthi moja zaidi kwa kitambaa cha ukubwa ule ule. Kwa hiyo uzi ukiwa haba tumieni sindano mbili. Ukiwa mwingi na wa rangi zisizolingana, kulabu ndiyo inayoumaliza.

KUJUA UZI NI WA NINI

Gunia halisemi kama lina sufu au akriliki, yaani ule uzi wa kiwandani ambao wengi wetu huuita nailoni. Na ni lazima kujua, kwa sababu sufu ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa husinyaa na kugandamana, lakini akriliki haisinyai hivyo. Ukizichanganya katika sweta moja, baada ya kufua mara mbili mistari mingine imejikunyata na mingine imelegea.

Jaribio ni la moto. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo, nje ya nyumba, na bakuli la maji liwe karibu. Sufu hushika moto kwa shida, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi, na huacha majivu laini ya kijivu. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha donge gumu lisilovunjika. Msiliguse donge hilo kabla halijapoa.

Akriliki haipendi pasi. Mwenzetu mmoja alimaliza sweta nzuri, akaipiga pasi ya mkaa ili inyooke, ikalegea kama kitambaa kilichochakaa na haikurudi tena.

Katika ule mchanganyiko tulikuta sufu iliyoliwa na nondo, kilo moja na nusu. Anayekula si nondo anayeruka, ni vile viwavi vyake vidogo, navyo hupenda sufu, hasa iliyowekwa na jasho au uchafu. Akriliki tupu haina chakula chao. Sufu yenu ifueni, ianikeni hata ikauke kabisa, kisha mfunge katika mfuko wa plastiki usio na tundu. Ile iliyokatika vipande vifupi tuliijaza ndani ya mito. Hatukuona aibu kuiandika daftarini kuwa ni hasara.

SWETA KUUKUU NA NYUZI ZA KIWANDANI

Mwenye sweta ya mitumba anayotaka kuifumua aangalie kwanza mshono wa ubavuni, kwa ndani. Kama ukingo umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa cherehani, mwache aivae hivyo hivyo. Kila mstari umekatwa, naye atapata vipande vya nusu mita tu. Kama ukingo ni mzima na vipande vimeunganishwa kwa mnyororo wa uzi, hiyo inafumuka yote. Wenzetu walio katika viwanda vya nguo wanaijua tofauti hii kuliko sisi wa shambani. Uzi uliofumuliwa huwa na mikunjo. Uzungushe kwenye egemeo la kiti, ufunge kwa kamba sehemu nne, ulowe katika maji ya vuguvugu, kisha utundike ukauke. Mikunjo itatoka.

Nyuzi zinazotoka kiwandani kwenye koni huwa nyembamba, na mara nyingi zina mafuta ya mashine. Unaweza kushika mbili au tatu pamoja ukazifuma kama uzi mmoja mnene. Lakini fuma kwanza kipande cha majaribio, ukifue, ndipo upime, kwa maana mafuta yakitoka uzi huvimba na kitambaa hubadilika.

Tukiwa hapo kwenye koni, tusikilizane vizuri. Mabaki ya nyuzi kiwandani, hata yale yanayokwenda kuchomwa, ni mali ya mwajiri mpaka atakapoyatoa au kuyauza kwa karatasi. Tulimtetea dada mmoja aliyekamatwa getini na koni mbili zilizokwisha nusu katika kapu la chakula. Msimamizi alikuwa amemwambia kwa mdomo, "chukua." Getini msimamizi akakana. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa kwa kosa, akiwa pamoja na mtu aliyemchagua mwenyewe. Tulikwenda naye. Alirudi kazini na onyo la maandishi, baada ya wiki tatu bila mshahara. Koni zile zingetoa kofia mbili. Basi dai kibali cha getini chenye jina lako, uzito wa mabaki, tarehe na sahihi. Bora zaidi, tawi liandike barua moja kwa ajili ya wote, ili mabaki yauzwe kwa wafanyakazi kwa kilo.

KUFUMA BILA KUISHIWA NJIANI

Hapa ndipo watu wengi hupoteza uzi. Usianze sweta kwa kukisia. Fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa uzi ule ule na sindano zile zile, uhesabu vitanzi. Kwa mfano, sentimita 10 zina vitanzi 20. Kifua cha sentimita 70 kitataka vitanzi 140, yaani 70 mbele na 70 nyuma. Mmoja wetu aliruka hatua hii. Uzi wake ulikuwa mwembamba kidogo, vitanzi 24 kwa sentimita 10, naye akaanza na 140 kama jirani yake. Alipata sweta ya sentimita 58. Alifumua jioni saba za kazi, na siku hiyo hatukumsemesha.

Uzi wa rangi moja usipotosha, tumia mistari. Badili rangi kila baada ya mistari miwili au minne ili ncha irudi upande ule ule, usiwe na haja ya kukata. Mikono na ukosi vinaweza kuwa vya rangi ya pili, na shule nyingi hukubali ukosi wenye mstari. Lakini mwulizeni mwalimu kwanza.

Ukitaka kujua kama bonge lililobaki litafika, kunja uzi uliobaki katikati, piga fundo jepesi palipokunjwa, kisha ufume mistari yako miwili. Ukimaliza kabla ya kulifikia fundo, uzi uliobaki unatosha mistari mingine miwili. Ukilifikia fundo kabla hujamaliza, ni wakati wa kuingiza rangi nyingine. Kwa sufu tupu unaweza kuunga bila fundo: chambua ncha mbili, zilaze pamoja, zilowanishe, uzisugue viganjani kwa nguvu mpaka zishikane. Akriliki haikubali. Hiyo iungie ukingoni na ufiche ncha kwa sindano.

Mabonge madogo sana tuliyafanya vipande vya mraba kwa kulabu, sentimita 10 kila upande, kama gramu 6 kila kimoja. Vipande 64 vinafanya blanketi la mtoto la sentimita 80 kwa 80, karibu gramu 400. Faida yake ni kwamba kazi hii hugawanyika. Mwanamke anayetoka kuchuma chai saa kumi, ana moto wa kukoka na maji ya kuteka, hana nafasi ya sweta nzima, lakini ana nafasi ya kipande kimoja. Hakuna nyumba hata moja iliyokuwa na uzi wa kutosha blanketi. Nyumba kumi na mbili zilitoa mablanketi matatu, yote yakaenda kwa akina mama waliokuwa na watoto wachanga kambini.

Uzi wa damu ya mzee ulikwenda kwenye sweta za shule kama ulivyopangwa. Ule wa buluu, ambao shule iliukataa, tuliufanya sweta za walinzi wa usiku na za wale wanaoingia kiwandani alfajiri. Tulipata 18.

Kwenye bei tuligombana, na ni vizuri mjue. Baadhi ya wanachama walisema uzi ni wa zamani, basi sweta iuzwe kwa bei ya uzi tu. Mama mmoja aliuliza kama chama kinachodai mshahara mchana kinataka watu wafume bure usiku. Sweta ya mtoto ni jioni kumi hadi kumi na tano. Tukaamua bei iwe na sehemu mbili, zote zikiandikwa: sehemu ya uzi irudi kwa waliochangia mwaka 2020, kwa kufuata majina daftarini, na sehemu ya kazi apewe aliyefuma siku ile ile sweta inaponunuliwa. Wachangiaji watatu walikuwa wameshaacha kazi na kurudi Kongo. Fungu lao limewekwa katika bahasha zenye majina yao, kwa mhazini.

Hadi tunaandika haya zimebaki kilo tatu na robo, zote kijani. Huo unatushinda, kwa sababu hakuna shule karibu nasi inayovaa rangi hiyo. Tawi lolote lenye shule ya kijani na liwasiliane na katibu wetu, na lije na mizani yake.