NONDO ARUKAYE SIYE ALAYE

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Katika mikutano yetu methali hii hutumiwa sana kuwaonya wanachama juu ya hila za walio ndani, hata tumekaribia kusahau kwamba kwanza ni methali ya nguo. Bila shaka waliyemfikiria wazee ni chawa. Lakini yuko mdudu mwingine anayestahili kuingizwa katika maneno hayo, naye ni nondo. Hatusemi zile nondo za chuma wanazosuka mafundi wetu wa ujenzi. Twamsema yule mdudu mdogo mwenye mabawa ya vumbi, ambaye sisi tuliolelewa katika shule za misheni tulifundishwa kumtaja pamoja na kutu kila ilipozungumzwa habari ya mali ya dunia.

Kilichotufanya tuandike leo ni koti. Ndugu mmoja, fundi mstaafu wa reli na mwanachama wa siku nyingi, alifika ofisini kwetu amekumbatia koti zito la sufu lililokuwa la marehemu baba yake. Mzee yule alilivaa usiku ule wa Desemba 1961, kwao Njombe, watu walipokesha wakiungoja Uhuru. Mwanawe alilirithi, akaja nalo Dar es Salaam, akalifungia katika sanduku la bati chini ya kitanda, wala hakulitoa kwa miaka kadhaa. Alituletea tulipige picha. Alipolikunjua mbele yetu, mwanga wa dirisha ulipenya mgongoni mwa koti kama upenyavyo katika chujio.

Ndugu yetu alisimama kimya kitambo, kisha akasema, “Jamani, mbona nimewaua wengi? Kila jioni nawapiga kwa ndala pale kwenye taa.”

Neno hilo ndilo lililotushika. Maana kosa lake ni kosa letu sote: twampiga nondo arukaye, naye siye alaye.

KUMTAMBUA ADUI

Nondo ni wa jamii moja na vipepeo. Huanza kuwa yai, yai likatoa kiwavi, kiwavi kikajifungia ndani ya kifuko, na mwisho hutoka nondo mwenye mabawa. Nondo wa nguo akishapata mabawa hali tena kitu chochote. Kinywa chake hakifai kwa kula. Kazi iliyombakia ni kujamiiana na kutaga. Mlaji ni kiwavi, nacho hakiruki, hakiji kwenye taa, wala hakijionyeshi.

Basi wale wanaoizunguka taa jioni, wengi wao ni wageni kutoka nje, wasio na habari na makoti yetu. Nondo wa nguo mwenyewe huikimbia nuru. Ukifungua kabati ukamwona mdudu mwenye rangi ya dhahabu hafifu, urefu wake haufikii sentimita moja, naye badala ya kuruka anakimbia kujificha katika mkunjo wa nguo, huyo ndiye. Jike mmoja hutaga mayai 40 hadi 50, pengine zaidi, madogo kama vichwa vya pini. Penye joto hupasuka katika muda wa siku 4 hadi 10. Kiwavi chaweza kula kwa miezi miwili tu, au kikaendelea hata miaka miwili, kwa kadiri ya joto na chakula kilichopo.

Chakula chake ni vitu vilivyotoka katika mwili wa mnyama: sufu, manyoya, nywele. Wanyama wengi hawawezi kuyeyusha vitu hivi tumboni. Kiwavi hiki chaweza. Pamba na nailoni si chakula chake, ila zikiwa na jasho au mchuzi, au zikiwa zimechanganywa na sufu, nazo hutobolewa. Ndiyo sababu shati la pamba lililokunjwa pamoja na koti lile lilitoka zima, na koti lenyewe likawa limeliwa zaidi ukosini na kwapani, mahali palipokunywa jasho la mwenyewe.

Yuko na ndugu yake ambaye sisi wa mijini yenye joto na unyevu twamwona kila siku bila kumjua. Tazameni ukutani, karibu na dari au nyuma ya kabati: kitu cha kijivu, bapa, chenye umbo la mbegu ya tikiti, kimening'inia kama uchafu. Ukikitazama kwa subira utaona kichwa kinatoka upande mmoja na kukivuta kifuko chote. Huyo ni kiwavi cha nondo mwenye nyumba yake mgongoni. Hula utando wa buibui, nywele na vumbi la sufu. Dawa yake ni ufagio.

Wa tatu ni wa jikoni. Nondo wa unga humtambua kwa mabawa yake: sehemu ya karibu na kichwa ni ya kijivu, na sehemu ya nje ni nyekundu kama shaba. Viwavi vyake husokota utando, hata unga, mchele au karanga zikashikana mabonge. Yuko pia nondo wa nafaka, mwenye rangi ya majani makavu, ambaye kiwavi chake huingia ndani ya punje moja ya mahindi na kukaa humo mpaka kikue. Ukiona punje yenye tundu la mviringo, ujue kwamba mwenyewe amekwisha kutoka. Huyu huanza kazi mahindi yakiwa bado shambani, kwa hiyo wengi wetu humnunua sokoni na kumbeba wenyewe mpaka nyumbani.

KAZI YA NGUO

Nondo hushindwa kwa kusumbuliwa. Apendalo ni giza, utulivu na uchafu. Mwondolee hayo matatu.

Kwanza, toa kila kitu kabatini au sandukuni, usibakize hata kipande. Kikung'ute juani, kigeuze ndani nje, ukipige brashi kwenye mishono, chini ya ukosi, ndani ya mifuko na kwenye pindo, maana huko ndiko mayai yaliko. Pili, fua kila kinachofulika. Maji ya nyuzi 60 huua mayai na viwavi, lakini sufu ikiingia katika maji hayo hurudi ndogo kama ya mtoto. Kwa hiyo sufu ipigwe pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi, hasa mishononi. Mwenye jokofu la kugandisha la nyuzi 18 chini ya sifuri aifunge nguo katika mfuko wa plastiki, aiweke humo juma zima, kisha aiache irudi katika hali ya kawaida kabla ya kufungua mfuko. Tatu, sanduku lenyewe lifutwe katika kila pembe na kila ufa, na vumbi lake litupwe mbali na nyumba.

Asiye na jokofu asikate tamaa. Jua, brashi na pasi, vikirudiwa kila juma kwa majuma kadhaa, hufanya kazi ile ile. Kinachotakiwa ni kudumu tu, kwa kuwa yai lililosalia leo ni kiwavi cha juma lijalo. Na nguo isirudishwe sandukuni kabla ya kufuliwa, hata kama imevaliwa mara moja tu.

KAZI YA JIKONI

Jikoni yafaa kutafuta chanzo kabla ya kupigana. Fungua kila mfuko na kila kopo, usiache hata njugu zilizosahauliwa nyuma ya rafu. Chenye utando kitupwe nje ya nyumba siku ile ile. Tazama na pembe za dari, maana kiwavi kikishiba huacha chakula na kupanda juu kutafuta mahali pa kujifungia. Vyombo vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, vikauke kabisa.

Mfuko wa karatasi au wa plastiki nyepesi si kinga, kiwavi hutoboa. Unga na mchele vikae katika vyombo vya kioo, bati au plastiki ngumu vyenye vifuniko vya kukaza. Unga mpya usimiminwe juu ya wa zamani. Mfanyakazi wa mshahara mdogo hununua kwa jumla ili apate nafuu ya bei, nasi hatumlaumu. Lakini kilo zinazotupwa baada ya miezi miwili zimeila nafuu ile, tena zimekula na jasho la mwezi mzima.

Wenye kuweka magunia ya mahindi na wapime ukavu kwanza. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia chumvi kavu kidogo, ongeza mahindi, funga, tikisa, kisha uiache kama robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Yakikauka sawasawa, yatiwe katika mifuko ile ya tabaka nyingi isiyopitisha hewa na kufungwa kwa nguvu. Wadudu waliomo huimaliza hewa iliyomo, nao hufa bila sumu yoyote.

TAHADHARI YA SUMU

Hapa hatuna budi kusema kwa ukali, maana ni jambo la uhai.

Katika sanduku la ndugu yetu tulikuta vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali, naftalini, vimewekwa siku nyingi hata vimepungua kuwa punje. Vidonge hivi huua nondo pale tu mvuke wake unapofungiwa ukawa mzito. Katika sanduku lililolegea hutoa harufu tu. Mwanadamu ndiye anayedhurika. Miongoni mwetu, katika nchi zilizokaa na malaria tangu zamani, wako watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Mtu wa namna hiyo akiivuta naftalini, damu yake huweza kuvunjika. Hatari kubwa zaidi ni kwa mtoto mchanga anayefunikwa blanketi lililotoka katika sanduku hilo: huweza kupata umanjano mkali, na hata kupoteza maisha. Mtoto mkubwa kidogo huvidhani peremende. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vidonge hivi mwaka 2008. Twawasihi akina mama na akina baba: nguo za mtoto zisikae na naftalini hata siku moja.

Vile vile vidonge vya kufukiza maghala, vitoavyo gesi ya fosfini, visiingie kamwe katika nyumba ya kulala watu. Gesi hiyo haichagui kati ya nondo na mtoto aliyelala chumba cha pili. Ni kazi ya mtu aliyefundishwa, katika ghala lililofungwa. Wala dawa ya shamba isitiwe katika unga, hata kidogo. Karafuu na majani yenye harufu hayana hatari hiyo, lakini tusidanganyane: harufu haikiui kiwavi kilichokwisha kuingia katika nguo.

NENO LA MWISHO

Koti lile limekwenda kwa fundi cherehani. Ameshona alipoweza, akatia bitana mpya mgongoni, na matundu mengine ameyaacha, kwa kuwa hayakuzibika. Ndugu yetu amelitundika mahali penye hewa, naye ametuambia kwamba Jumapili ya kwanza ya kila mwezi hulitoa uani, wajukuu wakashika brashi, akawasimulia habari za babu yao. Hapo awali wajukuu hao hawakujua hata kwamba koti lipo.

Nasi tumejifunza jambo. Ndugu huyu hakulipuuza koti la baba yake. Alilipenda, akalifungia kwa heshima, na heshima ile ya kulifungia ndiyo iliyompa nondo nafasi. Urithi usioguswa huliwa. Yako mengine tuliyoyarithi kwa wazee wa 1961 ambayo twayasifu jukwaani na kuyaacha gizani, na kila mwanachama aweza kuyataja mwenyewe.

Lakini tuanze na lililo karibu. Jumamosi hii jua likitoka, masanduku yafunguliwe.